Marcellin Cirhuza, Namba Nane wa Ligi ya Mezani

Tunayemzika leo ni Marcellin Cirhuza Namegabe. Mimi ni Denise, dada yake mkubwa, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu upande huu wa familia hakuna mwingine anayeyajua toka mwanzo. Mtanivumilia nikisoma polepole. Siku hizi kumi na moja sijalala vizuri, na tano kati yake nilizimaliza kwa kugombana na watu ambao leo nimekaa nao benchi moja.

Marcellin alizaliwa Jumapili, tarehe 22 Agosti 1971, Bukavu, mtaa wa Nguba, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yetu, marehemu Namegabe, alikuwa karani wa posta. Mama yetu ni Mama Ntakwinja, ambaye yuko hai, ana miaka themanini, na saa hii amekaa Nguba na simu mkononi akingoja tumwambie kwamba tumemaliza. Marcellin alikuwa mtoto mkimya. Alikusanya vifuniko vya soda, akavipanga kumi na moja kumi na moja kwenye saruji ya baraza, na kila kifuniko alikipa jina. Ukikanyaga kimoja hakulia. Alikuja kukuarifu kwa adabu kwamba umemvunja mguu beki wa kushoto.

Shule ya msingi alisoma hapo hapo Nguba, kuanzia 1977. Baadaye aliingia shule ya ufundi, upande wa umeme, na mwaka 1991 akapata diploma ya serikali. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwalimu wake alimwambia baba mmoja wa jirani kwamba kijana huyu akifungua redio ataifunga, jambo ambalo kwa wanafunzi wengine halikuwa na uhakika.

Mwisho wa Oktoba 1996 vita viliingia Bukavu. Mama alibaki kumwangalia bibi, ambaye hakuweza kutembea. Sisi wawili tulishika njia. Kabla hatujaondoka, Mama alinishika mkono akaniambia, "Denise, huyu mutoto utanirudishia." Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na mitano na ndevu. Nilisema ndiyo, kama unavyosema ndiyo ukiwa na haraka, na ile ndiyo nimetembea nayo miaka ishirini na tisa. Tulipita Uvira, tukakaa Kigoma, tukafika Lusaka, na tarehe 9 Juni 1999 tukashuka Johannesburg.

Hapa alianza kwa kulinda magari Doornfontein, karibu na chuo, akiwa na koti la kijani lililomzidi mabega. Februari 2002 alifungua kibanda chake cha kutengeneza pasi, feni, birika na majiko ya umeme, mtaa uleule, na hakuhama hapo mpaka ugonjwa ulipomtoa. Wengi wenu mmeletwa hapa leo na birika zenu. Alikuwa fundi wa kweli: kama kitu hakitengenezeki alikwambia siku ileile, hakukuzungusha.

Mke wake alipelekwa kwake na mimi. Noëlla alikuwa anasuka nywele kwenye saluni yangu Rosettenville, na mashine ya kukaushia nywele ilipokufa nikamtuma kwa ndugu yangu. Mashine ilipona siku hiyohiyo, lakini Noëlla alirudi kuiulizia mara tatu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 26 Aprili 2003. Mungu aliwapa watoto wawili: Shekinah mwaka 2004 na Hénock mwaka 2009. Ameishi na mke wake miaka karibu ishirini na mitatu bila kupandishiana sauti. Katika nyumba hiyo mwenye sauti nilikuwa mimi, niliyekuja kutembea.

Sasa niseme habari ya ligi, maana nikiiacha, rafiki yake Burhani atasimama aseme mwenyewe.

Mwaka 2006 mteja mmoja aliyekuwa anahamia Australia alimwachia Marcellin katoni. Ndani kulikuwa na ubao wa bati uliopakwa rangi ya nyasi, waya wa umeme, na wanaume wadogo wa plastiki ishirini na wawili. Ukiuchomeka, bati linatetemeka, na wanaume wanatembea wenyewe. Marcellin, fundi mwenye diploma, aliuchomeka moja kwa moja ukutani bila kusoma kwamba ni wa umeme wa Marekani, ambao nguvu yake ni nusu ya wa huku. Ukaungua mbele ya mke na mtoto. Alisuka upya koili, zile nyaya za ndani, kwa wiki mbili bila kumwambia mtu, na ulipoanza kulia tena alikuwa ameshakuwa mtu mwingine.

Aliuona ubao ule, akajua ni mpira wa miguu uliotengenezwa vibaya. Wachezaji wote walikuwa wameinama, mikono imegusa chini. Akasema kiwanda kiliwatoa kwenye moto kabla ya wakati. Basi mwaka mzima, jioni baada ya kazi, aliwanyoosha migongo mmoja mmoja kwa mvuke wa birika. Kulikuwa na mmoja aliyekumbatia kitu tumboni, huyo akamwita Mgonjwa wa Tumbo, akamweka akiba. Siku moja mwanafunzi wa chuo aliyefuata pasi yake aliwaona, akacheka mpaka akakaa chini. Akamweleza kwamba huu ni mpira wa Wamarekani, ule wa kubeba mkononi na kuangushana, na wanaume wale waliinama kwa makusudi. Marcellin aliwatazama kwa muda, wote wamesimama wima kama wako kwenye foleni ya vitambulisho. Akasema, "Eish. Na nilikuwa nimewaonea huruma." Kisha akaendelea na mpira wake wa miguu.

Ligi ilianza Januari 2007. Timu nane: Nguba, Uvira, Kigoma, Lusaka, Doornfontein, Mayfair, Rosettenville, na Tanga. Tanga iliingia kwa nguvu ya Burhani, rafiki yake mwenye duka la vitambaa Mayfair, aliyesema hachezi ligi isiyo na mji wake. Hao wawili ndio walikuwa makocha wa timu zote, nne nne. Wachezaji wapya Marcellin aliwachonga kutoka plagi zilizokufa, na miguu yao aliitengeneza kwa nyuzi za mswaki, ndizo zinazowafanya watembee. Kwa muda mrefu Noëlla alidhani ni panya wanaobeba miswaki. Kila mchezaji alikuwa na jina, umri, na tabia yake iliyoandikwa. Wengi ni watu tuliokutana nao njiani. Mimi nilikuwa kipa wa Nguba, na mbele ya jina langu aliandika: "Hapiti mtu." Yeye mwenyewe alikuwa namba nane wa Nguba.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri Burhani alifika nyumbani kwa Marcellin, Rosettenville, na meza ya chakula ikawa uwanja. Umeme ukikatwa, sheria ilisema wachezaji wanabaki walipo mpaka urudi. Mwaka 2023 transfoma ya mtaa iliungua, na Kigoma na Mayfair wakasimama mezani siku nne. Familia ilikula kwa sahani za magotini, na mimi niliyekuja kula pilau nilikula nimesimama mlangoni. Nilimwambia, "Marcellin, una miaka hamsini na miwili na watoto wako wanakula kama wako stesheni." Akaniambia mechi ilikuwa dakika ya kumi na moja.

Sheria za ligi alizijaza daftari zima. Nitasoma mbili tu. Ya kwanza: mchezaji anahama Jumapili ya kwanza ya Januari peke yake, kwa sababu iliyoandikwa na kwa sahihi za makocha wote wawili. Ya pili: mchezaji akishahama amehama, na akistaafu analala kwenye kopo la timu aliyomo. Kila timu ina kopo lake la maziwa ya unga. Niliziona sheria hizo miaka yote na sikuzisoma.

Ugonjwa ulianza Februari 2025. Ilikuwa figo. Alikwenda hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, na aliyewahi kumsindikiza mtu huko anajua uchovu wake: foleni ya alfajiri, kiti kilekile, kurudi mwili umelegea, kulala, na kesho kutwa tena. Noëlla alimsindikiza Jumatatu na Ijumaa, mimi Jumatano. Hakulalamika. Alichotaka ni Shekinah amwashie simu ili asikie ubao unavyolia nyumbani, na muuguzi mmoja alifikiri anasikiliza mashine ya kunyolea.

Mwezi wa kumi, tukiwa tumekaa kwenye viti vile, nilimwambia, "Usiwe na wasiwasi. Ikifika, nitakupeleka nyumbani kwa Mama. Nilisema ndiyo." Alinigusa mkono, akafumba macho. Mimi nikaona tumekubaliana.

Marcellin alifariki Jumanne tarehe 3 Machi 2026, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne. Noëlla alikuwa naye.

Siku ileile nilianza kutafuta njia ya kusafirisha mwili. Noëlla aliniambia hapana, watoto wake watalia kwenye kaburi gani. Nikamwambia mtoto ana mama aliyemzaa. Maneno mengine niliyomwambia sitayasoma hapa. Tulikaa siku tano tukipitana jikoni bila salamu, watu wa kanisa wakipeleka ujumbe huku na huku kama tunaishi nchi mbili.

Jumapili iliyopita Shekinah aliniletea daftari. Mtoto huyu Kiswahili anakielewa, ila kukisema anakichanganya na vyake vya hapa. Akaniambia mimi shangazi yake, "Tantine, eish, soma hapa tu. Halafu uniseme."

Ilikuwa ukurasa wa kuhama, tarehe 5 Januari 2025, mwezi mmoja kabla ya ugonjwa. Mwandiko ni wa ndugu yangu, zile herufi za posta alizofundishwa na baba. "Namba nane, Marcellin. Kutoka Nguba. Kwenda Rosettenville. Sababu: Mchezaji amechoka safari. Watoto wako huku." Chini yake, sahihi mbili.

Nilikasirika. Nilimwambia Shekinah, "Unataka nimzike ndugu yangu kwa sheria za vidoli?" Nikampigia Burhani simu, nikitumaini atacheka. Alikuja mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akakaa.

"Dada Denise, sahihi ile ni yangu," alisema. "Miaka kumi na minane mwenzangu hajamgusa namba nane. Kila Januari namwambia muuze, yule mzee hakimbii tena, hataki. Siku ile akamtoa mwenyewe. Nikamwambia, Nguba bila wewe watashika mkia. Akasema, washike tu."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

Burhani alitazama zulia. "Alisema kipa wa Nguba hapiti mtu."

Na Nguba walishika mkia kweli, wa nane kati ya nane.

Ndugu zangu, niseme wazi kwa sababu yeye hawezi tena kunikwepa: ndugu yangu aliniogopa. Alikuwa na jambo moja kubwa la kuniambia, akaliandika kwenye daftari la mchezo, kisha kule hospitali akanigusa mkono. Inaniuma. Noëlla, mbele ya watu wote hawa, nisamehe.

Nilimpigia Mama jioni ile. Nilimsomea ukurasa wote, na sababu, na sahihi. Mama aliniomba nirudie ile sababu.

"Ni yeye mwenyewe aliandika?"

"Ni yeye, Mama."

"Na mukono yake?"

"Na mkono wake."

"Basi mumuache kule," Mama alisema. Kisha akasema, "Na wewe Denise, nilikupatia muzigo murefu. Utue sasa."

Nililia kama sijawahi kulia tangu 1996. Noëlla ndiye aliyenishika.

Leo asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani, Burhani na Hénock walizima ubao. Shekinah alimtoa namba nane akamlaza kwenye kopo la Rosettenville, akalifunga. Halafu akaniuliza kama na mimi nitabaki Nguba. Nimemwambia asinisumbue, Januari bado mbali.

Marehemu ameacha mjane, Noëlla. Watoto wawili, Shekinah na Hénock. Mama mzazi, Mama Ntakwinja. Dada mmoja, mimi Denise. Wadogo wawili walioko Bukavu. Rafiki yake Burhani, kocha wa timu nne ambaye sasa ana nane. Na kibanda Doornfontein chenye pasi tisa za watu. Mkizifuata, Hénock anajua zilipo.

Marcellin, umefika. Pumzika kwa amani mahali ulipojiandikisha mwenyewe, na mimi nimetua.