Mkono wa Kulia wa Mzee Kokoto

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mzee aliyetandika kokoto relini miaka thelathini. Miaka thelathini, si mchezo! Majirani walimwita Mzee Kokoto, naye akiitika kwa fahari.

Alistaafu salama. Kisha kiharusi kikampiga mkono wa kulia. Ule mkono wa sururu na koleo ukawa unalala tu mapajani. Muuguzi akampa mpira wa kubinya kila siku. Mzee akamrushia paka. "Mimi mtoto mdogo, nichezee mpira?" Binti yake, seremala, aliyekuwa akikaa naye, akaogopa. Muuguzi alishamwambia wazi: mkono usipofanya kazi sasa, haufanyi tena.

Binti alijua baba yake hashindiki kwa maneno. Basi akaunda meza chumba cha nyuma, akafunga juu yake reli ndogo za treni ya kuchezea, upana wa kidole gumba. Kokoto hakuweka. Makusudi kabisa!

Mzee akachungulia. "Nani kaiacha reli uchi namna hii?"

"Mimi, Baba."

"Aibu gani hii! Hebu lete mawe."

Akaanza. Mawe yaliyochekechwa hadi yakabaki madogo kama punje za mtama, akayamimina kwa kijiko cha chai. Akayasambaza kwa brashi, jiwe lisibaki juu ya mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli. Akanyunyiza maji yenye tone la sabuni ili gundi izame. Halafu gundi nyeupe iliyozimuliwa, tone kwa tone, kwa bomba la sindano. Na yote hayo, jamani, kwa mkono wa kushoto. Binti alitazama, roho inamwuma.

Asubuhi treni ikagoma. Pale reli zinapogawanyika kuna vyuma viwili vyembamba vinavyosogea kuhamisha njia. Mzee alivimwagia gundi navyo! Vimeganda, havitikisiki.

"Miaka thelathini relini," akasema, "leo nimegandisha njia panda kwa mkono wangu mwenyewe!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu augue, hakuwa amecheka.

Akailowesha gundi kwa maji ya moto, akaanza kuchokonoa kwa kijiti cha meno. Mkono wa kushoto ulishika tochi. Kijiti kilikuwa mkono wa kulia! Mwenyewe hana habari.

"Nilibana pumzi," binti anasimulia. "Ningesema neno, angekitupa."

Tangu siku hiyo mkono ukarudi kazini. Polepole, lakini ukarudi. Kwa mwaka mzima alitandika kokoto meza yote, na mashati yake akawa anafunga vifungo mwenyewe. Jumanne iliyopita moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka themanini na mmoja.

Binti, na familia yote, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Na sisi wenye wazee nyumbani, tujiulize. Tunawaambia "pumzika tu, Baba," tukidhani ndiyo heshima. Je, tumewahi kuwauliza wanatamani kufanya nini?

Jumatatu, wasikilizaji wapendwa, siku moja kabla hajatutoka, mzee alimshika binti yake kwa mkono ule wa kulia, akambana.

"Baba, unaniumiza!"

"Kweli unaumia?"

"Naumia, Baba!"

"Basi," akasema mzee, "nimepona."