Moshi Katika Chumba cha Piano

Mwangaluka, wapendwa. Wengi wenu mnanijua kwa mgongo tu, maana kila Jumapili nakaa nimewageuzia mgongo pale kwenye kinanda. Leo mchungaji kasema nigeuke niwatazame. Basi nimegeuka, na atakayechoka kunisikiliza asinzie taratibu, sitamkasirikia.

Nilianza kupiga kinanda nikiwa mdogo sana, kijijini kwetu huko Shinyanga, kwa shangazi yangu aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa. Kilikuwa kile cha kukanyaga. Miguu yangu haikufika chini, kwa hiyo shangazi alikanyaga yeye, mimi nikapiga. Tangu siku hiyo sijawahi kutaka kazi nyingine. Wenzangu walilima pamba, wakafungua maduka, mimi nikawa nafundisha watoto wa watu do re mi. Nilipoolewa huku Kahama, mume wangu, ambaye ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, alinitafutia piano ya kweli, ya mbao, iliyoachwa na wageni waliokuwa wanarudi kwao. Ikaja kwetu mtaa wa Nyahanga juu ya lori la kenta, imezungushiwa magodoro. Ndugu zangu, nawaambia, nililia kuliko nilivyolia siku ya harusi, na mume wangu hilo hajalisahau.

Ile piano nikaipa chumba chake. Vumbi la kwetu mnalijua. Nikatandika zulia, nikatundika pazia zito, dirisha nikalifunga moja kwa moja. Wanafunzi walikuja jioni baada ya shule, mmoja akitoka mwingine anaingia.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Kwanza kidogo, nikasema ni uchovu. Baadaye nikimimina chai inamwagika kwenye kisahani. Mdomoni nasikia ladha kama nimelamba msumari. Usingizi ukapotea. Na hasira, jamani! Mtoto akikosea nota moja namfokea mpaka analia, mimi ambaye sijawahi kumfokea hata kuku. Halafu ikanijia aibu ya ajabu, nikawa sitaki mtu aniangalie nikipiga.

Mnakumbuka ile harusi ambayo wimbo wa bibi harusi uliharibika? Vidole vilikuwa vinagonga nota mbili mbili, siwezi kuvizuia. Watu wakageuka kunitazama. Nikafunga kinanda, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Jumapili iliyofuata sikuja, na iliyofuata pia. Nikawaambia wazazi wawachukue watoto wao. Nilikaa nyumbani nikiitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Majirani wakasema nimerogwa na mpiga kinanda mwenzangu. Nilikaribia kuamini, nisiwadanganye. Mliniombea, nami niliomba, lakini nilikuwa namuuliza Mungu kwa nini asingechukua miguu.

Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, hakukubali hayo ya kurogwa. Alikuja na bajaji asubuhi akaniambia, "Mwalimu, vaa viatu. Leo hatuongei, tunakwenda hospitali."

Daktari alikuwa dada mdogo, ningeweza kumzaa. Alinishikisha kalamu, akaniambia nichore duara. Lile duara lilitoka kama nyoka. Akauliza ninachokula, dawa ninazotumia, kisha akauliza, "Mzee nyumbani anafanya kazi gani?"

"Mchimbaji."

"Dhahabu yake anaichomea wapi?"

Nikamjibu bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeulizwa anapoanika nguo. Nikasema, "Nyumbani. Kule machimboni macho ni mengi, wataiba. Anachomea kwenye chumba changu cha piano, mchana nikiwa sokoni, kwa sababu ndicho kisichopitisha hewa na harufu haitoki kwa majirani."

Yule dada aliweka kalamu mezani.

Mnajua wenyewe inavyofanyika. Dhahabu inakamatwa kwa zebaki, inakuwa donge, donge linawekwa kwenye jiko la mkaa, zebaki inaondoka, dhahabu inabaki. Daktari akaniuliza, "Mama, unadhani ile zebaki inaondoka kwenda wapi?" Miaka yote nimeishi na mchimbaji, sijawahi kujiuliza. Ilikuwa inakwenda kwenye pazia langu. Kwenye zulia langu. Kifuani mwangu, kila siku, nikipiga mazoezi na dirisha nimelifunga.

Halafu nikakumbuka watoto. Nikamgeukia yule mama aliyenileta. Mtoto wake naye alikuwa anakaa kwenye kiti kile kile.

Nilizunguka kwa wazazi wote, nyumba kwa nyumba, kuwaambia wawapeleke watoto wakapimwe. Hiyo ndiyo safari ngumu kuliko zote maishani mwangu. Mmoja alinifungia mlango, na simlaumu. Watoto walikutwa salama, namshukuru Mungu kila nikiamka. Mume wangu nilipomwambia alikaa chini, akasema, "Mama, mbona sote tunachoma hivyo?" Kisha nikaona na yake mikono inatetemeka, ila yeye alizoea kusema ni uzito wa sururu.

Daktari alisema tiba ya kwanza ni kutoka kwenye ule moshi. Tulihama nyumba. Pazia na zulia sikuvigusa tena. Piano yangu iliachwa, na sitaki kuizungumzia sana. Nilianza upya kwenye kinanda cha umeme cha kanisa, mkono mmoja, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Miezi ilipita. Siku moja nikamimina chai na kisahani kikabaki kikavu, nikamwita mume wangu aje aone kisahani.

Wabeja sana, asante, yule mama wa bajaji. Wabeja daktari. Wabeja nanyi wanakwaya, mlioimba bila kinanda muda wote ule na hamkumtafuta mwingine wa kukaa kwenye kiti changu. Neno langu ni moja: moshi ule usiingie kwenye nyumba wanamolala watu.

Kabla sijakaa, naomba kitu. Ambaye nyumbani kwake dhahabu inachomewa ndani, jikoni, sebuleni, popote, anyooshe mkono. Hakuna anayewaandika.

Eh. Wote hawa? Mpaka na kwaya? Ndugu zangu, mimi nilidhani mtakuwa wawili, watatu.

Haya, shusheni. Wewe dada wa sauti ya kwanza, uliyekaa mwisho wa benchi, usishushe. Uache hapo hapo juu. Jaribu kuutuliza.

Hautulii, mdogo wangu. Kesho asubuhi nitakupitia na bajaji. Vaa viatu mapema.