Watoto wa Wabishi

Kijiweni, nje ya banda la Fundi Viatu, birika lilikuwa limejaa kahawa lakini Bomba alikuwa kimya, na hilo peke yake lilikuwa habari. Kazi yake ni kupuliza dawa mashambani, na mdomo wake huwa haupumziki. Ila kabichi za dada yake alikwishazipuliza mara mbili, na viwavi bado walikuwa wanazitafuna bila wasiwasi. Kesho angepuliza tena. Wasipokufa, shamba limekwisha, na jina lake nalo.

— Huo ni ulevi, — alisema Kinyozi, ambaye hajawahi kupanda hata mchicha. — Kiwavi akionja leo, kesho kashazoea. Keshokutwa anakudai uongeze!

— Kuzoea wapi! — alidakia Fundi Viatu, nyundo mkononi. — Hao wanafundishwa. Mama yao anawaambia, mkimwona mtu na bomba mgongoni, baneni pua.

— Kiwavi ana pua?

— Wewe umemkagua?

Bomba akashindwa kuvumilia.

— Acheni porojo. Dawa za siku hizi ni maji matupu! Mimi misimu mitatu natumia dawa ileile, kipimo kilekile: nusu kifuniko badala ya kizima, ili ifike mashamba mengi. Msimu wa kwanza walikufa karibu wote.

— Karibu?

Wote wakageuka. Dada yake alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika jani la kabichi lililotobolewa kama chujio.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Nimesikia “karibu wote.” Waliopona ni kina nani?

— Wachache tu. Wale wabishi.

— Wakaenda wapi?

— Waende wapi? Wakawa nondo, wakataga mayai palepale.

— Na msimu wa pili dawa ikaua nani?

— Wale legelege.

— Basi, mdogo wangu, hawa wa leo ni watoto wa nani?

Nyundo ya Fundi Viatu ikabaki hewani. Kinyozi akainamisha birika; kahawa ilikuwa imeshaisha, likatoa mashapo tu. Bomba alilitazama jani. Kiwavi mmoja aliinua kichwa, mnene, mwenye afya, na Bomba akaona aibu ikimpanda hadi masikioni. Misimu mitatu alikuwa anawachagulia hawa wazazi: wale wabishi tu.

— Kesho bomba liache nyumbani, — dada alisema. — Njoo na ndoo. Tutawaokota kwa mkono.

— Wote?

— Wote. Si karibu wote.