Mlango Kati ya Dhoruba na Pepo za Msimu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutazama anga, mtabiri wetu mwandamizi wa hali ya hewa, ambaye sote humwita Shangazi, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Aliingia hapa kusoma vipimajoto. Anatoka akiwa mtu ambaye hata mkurugenzi humuuliza kabla ya kuanika nguo.

Vijana wa leo hawajui kwamba zamani tulikuwa vyumba viwili visivyosalimiana. Chumba cha dhoruba kiliwahudumia marubani wa safari ndefu, kikifuatilia dhoruba za majira ya baridi zinazopita mbali kaskazini kwa njia yao ya kila mwaka. Chumba cha pepo za msimu, alikokuwa Shangazi, kilitabiri mvua ya hapa kwetu. Katikati palikuwa na mlango, nao ulifungwa. Ramani ya kila chumba iliishia pale ya mwenzake ilipoanzia, na kila mmoja aliona huo ndio mwisho wa dunia.

Msimu mmoja dhoruba kubwa ilipita kaskazini, na chumba cha dhoruba kikashusha pumzi: imepita, si yetu tena. Kumbe nyuma yake hewa baridi ilimwagika kuelekea kusini, ikatoka kwenye ramani yao, ikazisukuma pepo za msimu kwa nguvu ambayo wenzake Shangazi hawakujua imetoka wapi. Mvua ikalifunika soko la bondeni. Karakana ya mumewe, fundi seremala, ilijaa maji hadi mezani. Shangazi hakulilia mbao. Kilichomuuma ni kujua kwamba onyo lilikuwepo, upande wa pili wa mlango.

Maji yalipokauka, alikuja na mumewe na bisibisi. Mlango uling'olewa bila kibali cha mtu, na ramani mbili zikabandikwa pamoja kwa utepe. Mkuu wa chumba cha dhoruba alinuna, akasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Shangazi alimjibu kwamba yeye hapo anamwona fahali mmoja tu.

Mzee huyo alilainika baadaye, safari hii Shangazi alipomwonya yeye kuhusu kitu kilichokuwa kikitoka kwetu kwenda kwao. Mvua nzito za huku kwetu zilikuwa zikipasha joto anga la juu, na joto hilo lingeusogeza upepo unaoziongoza dhoruba, hivyo marubani wasitegemee njia ya kawaida. Mzee alicheka sana. Wiki iliyofuata dhoruba zikahama njia, naye akahamishia kiti chake upande wa Shangazi. Tangu hapo, kila asubuhi tunakunywa chai juu ya ramani moja na kuulizana: kwenu kunatoka nini kinachokuja kwetu?

Sasa ofisi inakarabatiwa, na mchoro wa mafundi uliurudisha ule mlango. Tulipomuuliza Shangazi anataka zawadi gani, alikataa saa ya ukutani, akakataa na seti ya vikombe. Aliomba mlango usirudi. 

Mkurugenzi ameufuta kwenye mchoro. Mlango wenyewe wa zamani, uliokuwa stoo miaka yote, tulimpelekea mumeo, Shangazi, naye akaupiga randa na kuutia miguu minne. Chai ya leo ya kukuaga itanywewa juu yake, na kesho asubuhi ramani zote mbili zitatandazwa hapohapo.

Asante kwa kutufundisha kuulizana. Tunakutakia mapumziko mema na afya tele. Siku mvua ikikulowanisha bila sisi kukuonya, njoo utugombeze. Hutahitaji kubisha hodi.