Benchi Halipishi Lami

Benchi letu limekaa ukingoni mwa barabara, miguu ya mbele juu ya lami. Kabla ya mvua, mafundi wa barabara walikuja kuupaka mtaa mzima lami nyembamba na kokoto laini, maji yasipenye kwenye nyufa. Wakatuomba tusogeze benchi. Tukakaa. Wakapaka wakituzunguka, wakaenda zao. Sisi si watu wa kusogezwa, nasema wazi. Sasa mvua imepita, mtaa umetulia kama sahani, ila hapa kwetu, miguuni pa benchi, pana shimo. Leo asubuhi gurudumu la kigari cha Dada Birika, muuza kahawa wetu, limezama humo, jiko nusura lipinduke.

— Lisipozibwa leo, nahamia kona ya pili, akasema.

— Utuache yatima, dada'angu? Spana, fundi wa magari, akaruka. Kosa ni la malori.

— Malori yanapita chini ya benchi?

— Mkilala yanapita popote!

Hakimu ni kinyozi, ila hukumu zake hazina rufaa.

— Huyo ni mchwa wa lami.

— Mchwa wa lami! Si ufa ule? akauliza Dada Birika.

— Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nani hapa ana ukuta? Basi ufa hauhusiki.

— Hamjui kitu, nikawakatiza. Walipopaka huku na huku, barabara ikakosa pa kupumulia. Ikapumulia hapa. Wametufanyia makusudi!

— Umenena, kaka! Spana akadakia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi hatuinami ng'o!

— Aliyeinama kukwamua kigari ni mimi, akasema Dada Birika.

Mvuta mkokoteni mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amesimama akingoja njia. Akalichungulia shimo.

— Shikamooni wazee. Mbona lina urefu wa benchi? Siku wanapaka, hapa palikuwa na nini?

Spana akaanza kufuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Hakimu akakuna kidevu. Mimi sipendi maswali ya uchokozi. Nikanyoosha miguu juu ya shimo lisionekane.

Dada Birika akakusanya vikombe, cha Hakimu kikiwa bado nusu. Mgeni akamsaidia kusukuma kigari.

— Dada, na kahawa yangu?

— Ifuate.

Hakuna aliyeinuka. Harufu ya kahawa ikaanza kutufikia kutoka kona ya pili, tukakaza makalio kwenye benchi.