Redio Ajifunza Kungoja

Kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha kinyozi, kahawa ilikuwa imeshamiminwa na ubishi umeshapamba moto. Siku hiyo aliyewekwa kitimoto ni kinyozi mwenyewe, ambaye wote walimwita Redio kwa vile hakuwa na kitufe cha kuzimia. Bintiye mdogo alikuwa na usonji, na alikuwa bado hajasema neno. Mkewe alikuwa amemburuta Redio kwenye mafunzo ya wazazi.

— Wamekufundisha nini huko? akauliza Injinia, fundi baiskeli.

— Kunyamaza, Redio akajibu. Eti kaa chini, fuata anachocheza mtoto, kisha ngoja. Usimmwagie maswali.

— Wewe ungoje? Humpi mteja hata nafasi ya kusema umemkata sikio.

— Jana nilijaribu mpaka jasho likanitoka. Nikashtukia namsimulia mpira, tena tangu kipindi cha kwanza.

Mzee Dozi, mlinzi mstaafu, akazinduka usingizini.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyo atakuwa hakimu.

— Ni nyaya za umeme, mzee, akasema Injinia. Nyumba yao imejaa nyaya, nami nilimwonya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu lake zima, Redio akasema, ndiye anayenikimbiza.

— Basi mnunulie kasuku. Atakayetangulia kusema atamfundisha mwenzake.

— Usicheke, mwenzako nilimwekea mtoto taarifa ya habari asubuhi na jioni, mwezi mzima. Aliyeelimika ni jirani.

Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akingoja baiskeli yake izibwe pancha, akaweka kikombe chini.

— Samahani, kaka. Huyo mtoto akiwa peke yake, hupenda kuchezea nini?

Redio akafungua mdomo.

— Hupenda...

Akaishia hapo. Injinia akainamia gurudumu.

Redio akafunga kibanda mapema, akaenda nyumbani. Alimkuta binti jikoni, anazungusha kifuniko cha sufuria sakafuni. Akaketi naye chini, magoti yakilalamika, akachukua kifuniko kingine na kukizungusha. Maneno yakamjaa mdomoni. Akayameza kama dawa chungu. Vifuniko vikalia, vikayumba, vikalala.

Kisha mtoto akainua macho, akamtazama babake usoni. Akamsogezea kifuniko chake, kisha mtoto naye akangoja.