Namba Saba Kwenye Vaisi ya Dishon

Benchi langu ni ubao uliolalia matairi mawili ya trela la miwa, nje ya karakana ya Dishon hapa Awendo. Mimi ni Bochaberi, mwenye birika. Kahawa yangu ina tangawizi na haina huruma, na wanaoinywa kila asubuhi ni hawa: Dishon mwenyewe, fundi wa majembe, tunayemwita Nyundo; Nicodemus, tunayemwita Kastamu kwa kuwa aliwahi kubeba makaratasi ya malori kule mpakani na tangu hapo haamini mzigo wowote; na kijana Cliff wa maabara ya kiwanda cha sukari, tunayemwita Kemia. Jumatano hiyo Motari, karani wa mizani ya miwa, alifika na mifuko miwili ya fimbo za gofu. Mmoja ulikuwa wake wa miaka yote. Wa pili ameachiwa na Duke wa mitumba mpaka saa sita mchana, aamue kama anauchukua kwa ndama jike au anaurudisha. Nilipoona Kastamu anavaa miwani nilijua asubuhi yangu imeharibika.

Motari: Jumapili Homa Bay wanakuja kucheza na sisi. Miaka sita napiga gofu, ndio mara ya kwanza kapteni ameniweka kwa timu. Mtu wa nane, wa mwisho, lakini niko. Ameniambia nitafute fimbo za kufuliwa, hizi zangu ni za kujifunzia.

Kastamu: Na Duke amezitoa wapi?

Motari: Hakusema.

Kastamu: Basi amesema.

Nyundo alichomoa moja, akaigeuza kama anavyogeuza panga la mteja msumbufu.

Nyundo: Imeandikwa hapa ati imefuliwa. Omera, mimi nafua chuma mwaka wa ishirini na tisa na sijawahi kuandika kwa jembe kwamba nimelifua. Mtu akikuandikia, jiulize.

Motari: Ndio kuzitofautisha. Hizi zinapigwa nyundo zikiwa moto, kutoka kipande kimoja. Zangu ziliyeyushwa zikamwagwa kwa kalibu, kama sufuria. Ya kufuliwa ukiupiga mpira vizuri inakuambia hapa mkononi.

Mimi: Na ukiupiga vibaya?

Motari: Inakuambia pia. Kichwa chake ni chembamba. Za zamani zina mgongo mnene, zinakusamehe.

Mimi: Kwa hivyo unatoa ndama upate kitu cha kukukaripia.

Kemia alikuwa tayari ametoa sumaku kwenye mfuko wa koti lake la maabara, maana hatembei bila hiyo.

Kemia: Tuanze na sayansi. Mnaona? Imeshika.

Nyundo: Hata msumari unashika. Umegundua ni chuma.

Kemia: Unaanza na ile kitu unajua, msee, halafu unapanda.

Kastamu alichukua fimbo, akanusa mpini wake taratibu, akanusa tena.

Kastamu: Hii inanuka samaki. Omena. Imepitia Muhuru Bay kwa boti, chini ya magunia.

Motari: Mzee, Duke pia anauza omena.

Kastamu: Sasa unaona vile wamejipanga.

Kemia: Na mbona hii chuma ni laini? Nimeikwaruza na ufunguo, imekubali.

Motari: Za kufuliwa huwa laini. Ndio utamu wake.

Kastamu: Laini kama nini? Nyinyi mmekaa hapa na Nyatike iko hapo tu, watu wanachimba usiku na mchana. Dhahabu si laini? Unaimwaga ndani ya kichwa cha fimbo, unapaka krome juu, unavaa kofia nyeupe, unavuka mpaka ukipungiwa mkono. Nani atamsimamisha mtu wa gofu? Halafu siku moja mfuko unapotea, unaangukia Duke ambaye hajui lolote. Na wenyewe wanautafuta.

Motari alicheka. Lakini nilimwona akiusukuma ule mfuko chini ya benchi kwa kisigino.

Kemia: Ya dhahabu siamini. Mimi naona hivi. Kapteni anasema tafuta fimbo, na wiki hiyo hiyo Duke analeta fimbo. Ukipinda shingo kidogo tu, digrii mbili, mpira utaenda kushoto siku zote, na mtu atajilaumu mwenyewe. Hebu niwaulize, mamake Duke anatoka wapi?

Nyundo: Homa Bay.

Benchi zima likageuka kuutazama ule mfuko. Hata mimi niliutazama, na nikajichukia, maana mamake Duke namfahamu. Ni mama wa watu anayeuza nyanya na hajui gofu ni chakula au dawa.

Motari: Sasa nitajuaje? Saa sita iko karibu. Sitaki kuaibika mbele ya watu.

Nyundo: Chuma haiwezi kudanganya ikibanwa. Iliyofuliwa kweli inapinda na inarudi. Lete.

Akaikaza fimbo namba saba ya Duke kwenye vaisi yake mlangoni mwa karakana, akavisha bomba shingoni, akaegemea. Shingo ikapinda kidogo. Akairudisha, ikarudi. Nikadhani mambo yameisha, nikaanza kukusanya vikombe.

Kastamu: Hiyo haitoshi. Mwenye kutengeneza feki anajua utaipinda. Huwezi kupima kitu kimoja bila kingine. Iko wapi saba yako ya zamani?

Motari alisita. Ile saba mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli, na aliyeuzungushia ni mzee Kerosi. Kerosi alibebea watu mifuko uwanjani miaka thelathini. Ndiye aliyemfundisha Motari kusimama na kushika, kila Jumapili, bila kumdai hata soda, na magoti yalipomshinda akampa fimbo zake zote. Hayo tuliyajua sote pale.

Kemia: Ni kuipinda tu, Motari. Dakika moja.

Motari: Polepole, basi.

Nyundo akaikaza, akavisha bomba, akaegemea vilevile. Ikakatika shingoni kama muwa uliokauka, na kichwa kikaangukia kwenye unga wa chuma sakafuni.

Kemia: Mmeona? Ya kumwagwa imekatika, ya kufuliwa imerudi. Hiyo ndiyo data.

Kastamu: Basi za Duke ni za kweli.

Alisema hivyo kwa huzuni, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Wengine walipeana mikono na kuagiza kahawa nyingine. Motari naye alicheka pamoja nao, huku ameshika kile kijiti kisicho na kichwa, kidole chake kikipapasa ule mpira wa baiskeli. Nilimkasirikia, nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Hapo ndipo Mourine alipofika kuchukua jembe lake. Huyu ni binti wa Kerosi, anauza ndizi karibu na uwanja. Alisalimia kila mtu kwa jina, halafu akaona.

Mourine: Hiyo si ya baba?

Motari: Tulikuwa tunapima, Mourine.

Mourine: Mnapima nini?

Kemia: Kama hii mpya ni ya kweli.

Mourine: Na ni ya kweli?

Nyundo: Ya kweli kabisa.

Mourine alikiokota kile kichwa, akakipangusa kwa leso.

Mourine: Baba hatoki siku hizi. Jumapili jioni anawekewa kiti mlangoni, ananingoja nipite uwanjani nimletee habari. Haulizi nani ameshinda. Anauliza saba imefanya nini. Nilipomwambia kwamba Motari ameingia timu, hakulala kwa furaha. Sasa hii Jumapili nikifika nyumbani nimwambie nini?

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu, akangoja.

Kastamu akaangalia ndani ya kikombe. Kemia akarudisha sumaku mfukoni. Nyundo akashika tupa akaanza kunoa jembe la Mourine, ambalo alikuwa amelinoa jana. Mimi nikainua birika nimmiminie mgeni, likatoa machicha ya tangawizi.

Motari alisema ataenda kumwambia mzee mwenyewe. Alisema hivyo mara mbili. Duke alipotokea saa sita kuuliza ameamua nini, alimkuta bado amekaa palepale, kijiti magotini.